Sauti Itangulie

Jumapili, 2 Novemba. Riyadh

Leo bosi wangu, Injinia Nasser, aliniita ofisini kwake hapa Olaya akanigeuzia kompyuta nisome malalamiko. Madereva wa kampuni wanaoishi hosteli ya Al-Suwaidi wanasema waifai imekufa. Wanawake wa usafi walioko hosteli ya Jeddah wanasema hivyo hivyo.

"Laini ni mpya, vifaa ni vipya, na bado wanalia," akasema. "Wewe ndiye mtu wa waifai, Vincent. Nyamazisha hii kelele kabla mwaka haujaisha. Yalla, haya, nenda."

Nimeamua kuandika kila ninachobadilisha, nisije nikasahau. Lakini sidanganyi, naandika pia kwa sababu jioni za hapa ni ndefu kwa mtu anayeishi peke yake. Huu ni mwaka wangu wa tano Saudia. Mke wangu Maryann na binti yetu Joy, wa miaka saba, wako nyumbani Kimilili.

Nilimpigia Maryann jioni. Wamekula, Joy amefanya kazi ya shule, mahindi yamevunwa. Kisha simu ikakatika.

Jumanne, 4 Novemba

Al-Suwaidi. Aliyenipokea ni Gilbert, dereva kutoka Kitale, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Alinizungusha vyumbani. Kila kitanda kina simu, na kila simu ina mpira, sinema ama mahubiri.

"Omwana wa mayi," akaniambia kwa Kibukusu chetu, yaani mwana wa mama yangu, "mimi nikimpigia mke wangu nasikia 'Gil... Gil... Gil...' kama kuku anayeita vifaranga. Halafu kimya."

Niliketi kwenye korido na kompyuta yangu hadi jua likashuka, nikaona shida yenyewe. Laini si nyembamba. Ni kwamba vitu vyote vinapangwa foleni moja. Sinema inaweza kungoja, maana simu hujiwekea akiba ya picha mbele. Ikichelewa kidogo mtazamaji hajui. Sauti ya mtu haina akiba. Tone la sauti likichelewa nukta moja tu halina kazi tena, linatupwa, na neno limekwenda nalo.

Vifaa vya darini vina foleni nne: sauti, video, mambo ya kawaida na mizigo ya chini. Ziko pale tangu vitoke kiwandani. Ila simu za hawa madereva zinatuma sauti bila alama yoyote, kwa hiyo kifaa hakijui, kinaitupa sauti kwenye foleni ya kawaida pamoja na mpira. Kazi yangu ni kukifundisha kuitambua sauti na kuipisha mbele.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempigia Maryann. Simu imekatika kabla Joy hajaletwa.

Jumanne, 11 Novemba

Nimemaliza Al-Suwaidi. Sauti imetangulia, video imefuata, na mafaili makubwa yamesukumwa nyuma kabisa. Nimezima pia zile kasi za chini za zamani zilizokuwa zikiifanya simu moja itume polepole na kushika hewa ya wote.

Gilbert akapiga simu Kitale mbele yetu. Akasikiliza, akanyanyua kidole tunyamaze.

"Nimesikia jogoo!" akapiga kelele. "Aki ya nani, nimesikia jogoo wangu!"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilirudi Olaya kwa metro nikijiona mganga.

Injinia Nasser hakucheka. Alitaka kamera za usalama na video za mafunzo ya ofisi ziwe juu ya kila kitu. Nilimweleza kwamba kamera zikikaa foleni ya juu kabisa zitaijaza hewa, sauti zife.

"Simu ni starehe," akasema. "Kamera ni kazi."

Nikaziacha kamera zilipo. Nimemwona huyu mtu miaka mitano; moyo wake, nadhani, ameuacha kwenye gari.

Ijumaa, 14 Novemba

Kama nimewatengenezea madereva, nitashindwaje kwangu? Rauta ya nyumbani Kimilili niliifunga kwa mikono yangu likizo iliyopita, na naweza kuiingia nikiwa hapa. Nimeipanga upya: sauti itangulie huko pia. Nikampigia Maryann kumweleza.

"Sasa utanisikia vizuri, Mama Joy."

"Sawa."

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Baba Joy."

Nikamwambia asogee sebuleni nipime. Akasogea. Nikamwambia aende jikoni. Nadhani alienda. Kisha ikakatika.

Jumatano, 19 Novemba

Vumbi siku nzima. Simu ya Maryann imekatika tena.

Jumapili, 23 Novemba. Jeddah

Nimetumwa Jeddah hadi kazi iishe. Baada ya ukavu wa Riyadh, hewa ya hapa inakushika kama shuka iliyotoka majini. Hosteli ya wanawake ni jengo la ghorofa nne, na mwanamume haingii hivi hivi. Msimamizi, Selipher, mama wa makamo kutoka Vihiga, hutangulia akipiga makofi koridoni: "Mtu wa waifai anapita! Vaeni! Mtu wa waifai!" Milango inafungwa, mimi napita na ngazi yangu kichwa nimekiinamisha kama bibi harusi.

Alinipandisha hadi juu ya paa. Wanawake kama ishirini walikuwa wamesimama kwenye jua, kila mmoja na simu sikioni, wakitumia bando zao wenyewe.

"Hii ndiyo ofisi yetu ya kupiga simu nyumbani," akasema Selipher. "Chini hakusikiki kitu. Mimi mama yangu amelazwa. Figo. Ananiita kwa sauti ndogo, injinia, na ile sauti ndogo ndiyo inapotea."

Nilimwahidi kwamba atampigia akiwa ameketi kitandani kwake.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimehamisha vifaa vitatu, nikatenganisha mikondo ya mawimbi yao isigongane, nikaanza kupanga foleni. Maryann hakupokea. Baadaye aliandika: "Mtandao mbaya."

Jumatano, 3 Desemba

Mvua ya kwanza. Fupi, yenye hasira. Watu wa hapa walitoka nje kuipiga picha.

Hosteli sasa inasikika. Wanawake wameanza kushuka kutoka paani. Selipher aliongea na mama yake akiwa kitandani, kisha akaniletea chapati zilizofungwa kwa gazeti. Mama yake aliuliza kama kweli yuko mbali, maana anamsikia kama yuko jikoni.

Nilikula zile chapati nikimfikiria Maryann. Wageni wote nimewaunganisha na watu wao, kasoro mimi.

Ijumaa, 5 Desemba

Injinia Nasser amefika kutoka Riyadh kukagua. Wakubwa wa Olaya wanataka kuona kamera za korido na lango muda wote, picha safi, na zilikuwa zikigandaganda. Akaniamuru nizipandishe foleni ya juu.

"Bosi, sauti zitaumia."

"Mwezi mmoja tu, wakubwa waridhike. Halas, yameisha."

Nimezipandisha. Kufikia magharibi wanawake walikuwa paani tena. Selipher alinipita ngazini bila kusema kitu, na ningependelea anitukane.

Jumatano, 10 Desemba

Leo nataka kuandika yote.

Mvua ilianza alfajiri na haikutua. Kufikia saa tatu asubuhi barabara mbele ya hosteli ilikuwa mto wa rangi ya chai, magari yakielea pembeni. Mabasi ya kuwapeleka wanawake kazini hayakuweza kufika. Mimi na Injinia Nasser tulikuwa tumekuja mapema kukagua, na maji yakatufungia humo humo, kwenye kiofisi cha chini kilicho kando ya lango.

Picha za mafuriko zilikuwa zimeshafika Kenya. Kila mama nyumbani alikuwa akimtafuta binti yake, na kila binti akimtafuta mama. Paani hakukukalika kwa radi. Jengo zima lilijaribu kupiga simu kwa pamoja, ndani, kwenye waifai yangu, huku kamera zikiwa zimekaa kwenye foleni ya juu na kuibana sauti ya kila mtu. Kupitia dari tulisikia: "Halo? Halo? Mama? Unanisikia? Halo?" Ghorofa nne za halo.

Kisha Selipher akafika mlangoni. Hakubisha. Kitambaa kilikuwa kimemtoka kichwani, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Injinia, ndugu yangu amemwekea Mama simu sikioni. Daktari amesema tumuage. Mama anasema kitu. Anasema kitu na simsikii."

Akaiweka simu mezani ikiwa na sauti kubwa. Tukasikia kipande cha pumzi. Kimya. Nusu ya neno. Kimya.

Nikamgeukia bosi. "Nipe ruhusa nizishushe kamera."

Alikuwa anaitazama ile simu. Sijawahi kumwona mtu mzima akitazama simu vile.

"Fanya," akasema.

"Kuna jambo moja." Nilimwambia Selipher, si bosi. "Nikibadilisha, vifaa vyote vitajizima na kujiwasha. Simu yako itakatika. Zote za jengo zitakatika. Ni dakika moja, labda zaidi. Na mama..."

Sikumaliza. Alielewa. Katika hiyo dakika mama yake angeweza kuondoka.

Selipher akainama karibu na simu. "Mama," akasema kwa Kilogooli, kisha maneno ambayo sikuyajua. Akanyanyuka. "Kata," akaniambia. "Afadhali nimpoteze kabisa kuliko kumsikia vipande vipande. Kata."

Nikabonyeza.

Jengo lote likanyamaza mara moja. Zile halo zote zikazimika, tukabaki na mvua tu. Taa ndogo ya kifaa kilichokuwa juu ya mlango ikawa nyekundu. Selipher alisimama amefumba macho, midomo ikienda. Injinia Nasser naye alianza kusoma dua chini kwa chini. Mimi sikuomba, niliitazama ile taa nikiisihi kama mtu anayemsihi askari. Ikawa ya machungwa. Ikakaa hapo. Ikawa ya kijani.

Akapiga. Ikaita. Ikaita tena.

"Selipher?" Sauti ya kiume, safi, kama iko chumbani. Ndugu yake. "Tulidhani umekwenda. Ngoja. Mama, ni huyu."

Kisha sauti ndogo ya mwanamke mzee, na kila neno lilikuja zima. Alizungumza polepole. Selipher alikuwa akijibu "ndiyo Mama, ndiyo Mama," machozi yakimshuka shingoni. Mimi na bosi tulitoka tukamwachia chumba, tukasimama koridoni maji yakitulowesha viatu.

Juu yetu ghorofa zote zilikuwa zikiongea. Si halo tena. Maneno, vicheko, mtu akiimba wimbo wa kanisa, mtu akimgombeza mtoto.

"Hizi zote ni simu za nyumbani?" Injinia Nasser akauliza.

"Zote, bosi."

Akainua macho darini. "Nilidhani wanaangalia filamu," akasema.

Baadaye Selipher alitoka. Nilimwuliza mama alikuwa akisema nini.

"Alikuwa ananiuliza kama nimekula," akasema. "Ndiyo hiyo tu. Kama nimekula."

Hapo ningefunga daftari. Lakini kulikuwa na jambo jingine.

Nilirudi kiofisini kupima kama mambo yamekaa sawa, na simu ninayoijua zaidi kupima nayo ni yangu. Nikampigia Maryann. Nilikuwa na sababu: mafuriko, nimepona, nimefanya kazi kubwa leo na nataka mtu wa kumwambia. Kwenye skrini nilikuwa nimefungua pande zote mbili, hosteli ya Jeddah na rauta ya Kimilili. Mstari wa sauti ulikuwa umenyooka huku na umenyooka kule. Hakuna tone lililopotea. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona mstari mzuri hivyo.

"Mama Joy, mvua imetufungia, lakini niko salama."

"Tuliona. Afadhali uko salama."

Nilimsikia akipumua. Nilisikia sufuria ikifunikwa. Nilisikia hata redio ya jirani.

"Leo nimefanya jambo, Maryann, nataka nikusimulie..."

"Baba Joy, unakatika," akasema. "Sikusikii. Mtandao mbaya. Halo? Halo?"

Na sauti yake ilikuwa safi kama maji ya kisimani, na mstari wangu ulikuwa umenyooka. Kisha kimya.

Haikukatika. Ilikatwa.

Ijumaa, 12 Desemba

Mama yake Selipher amefariki leo asubuhi. Wanawake wanaimba ghorofa ya pili.

Sijampigia Maryann. Yeye pia hajapiga.

Jumatano, 17 Desemba

Wiki mbaya. Nahesabu kichwani simu zote zilizokatika tangu Novemba, na za kabla ya hapo, na najiuliza ngapi zilikatika zenyewe. Nimekuwa nikizunguka nchi hii nikipanga foleni, nikihamisha vifaa, nikimpigia mke wangu kelele asogee dirishani, na yeye alikuwa na kidole juu ya kile kitufe chekundu.

Kuna mwanamume. Lazima kuna mwanamume. Leo nimekaa saa nzima na namba ya jirani yetu wa Kimilili mkononi, tayari kumwomba atazame nani huingia kwangu na nani hutoka. Kabla sijabonyeza nikampigia Gilbert kule Riyadh, kwa sababu nilihitaji mtu wa kuniambia fanya.

Hakuniambia fanya. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Omwana wa mayi, ukituma mtu achunguze nyumba yako, hata akiikuta safi, wewe utakuwa umeshaichafua. Muulize mwenyewe. Mdomo anao."

Nimefuta ile namba. Lakini kumuuliza siwezi. Nitamuulizaje? Kwa simu?

Jumapili, 21 Desemba

Amepiga yeye. Ilikuwa alasiri, nimekaa ufukweni kwenye ule ukuta wa mawe ambapo familia huja na mabusati yao na thermosi za kahawa. Niliona jina lake nikaacha iite karibu imalizike.

"Vincent," akasema. Hakusema Baba Joy. "Joy nimempeleka kwa Mama. Niko peke yangu. Nataka kuongea, na usiniulize kama nakusikia."

"Nani huyo?" nikamwuliza. Nilikuwa nimejiapiza nisianze hivyo, na ndivyo nilivyoanza. "Niambie jina lake tu."

"Hakuna mtu."

"Maryann."

"Hakuna mtu, Vincent. Natamani angekuwepo. Ungenichukia ukapona haraka."

Watoto walikuwa wanakimbizana na mpira karibu nami. Nikainuka nikaenda mbele kidogo.

"Kwa hiyo ulikuwa unanikatia kwa nini?"

Nilimsikia akimeza mate; ndivyo laini ilivyokuwa nzuri.

"Kwa sababu nilikuwa nalia baada ya kila simu, na Joy alikuwa ananiona. Unapiga, unauliza mmekula, Joy amesoma, mahindi yamekauka. Nikijibu, unaanza habari za mtandao. Nikisema niko vizuri unasema sawa. Nikisema siko vizuri unasema hunisikii vizuri, nisogee. Unakumbuka mwaka jana baba alipokufa?"

"Nakumbuka. Nilikupigia siku hiyo hiyo."

"Ulipiga. Nilikuwa nimetoka kumwona pale mochari. Nikaanza kukueleza, ukaniambia sauti yangu inayumba, nihamie karibu na rauta. Nikahama. Ukasema bado inayumba. Nilikuwa nalia, Vincent. Ilikuwa inayumba kwa sababu nilikuwa nalia."

Nikageukia bahari, nikaibana simu sikioni.

"Sikukulaumu. Nilijiambia ni kazi yake, ndivyo anavyosikia mambo. Lakini tangu siku hiyo nikikuona unapiga, mwili wangu unachoka. Nimechoka kuwa mke wa simu. Nimepata kazi ya ualimu Eldoret, shule inafunguliwa Januari. Nitahama na Joy. Sitaki wazee wakae kikao, sitaki mahari ihesabiwe, sitaki makosa yatafutwe. Wewe si mtu mbaya. Nataka tu uniache niende bila kelele."

"Nitarudi," nikasema. "Nitavunja mkataba. Nitarudi mwezi ujao, Maryann, tuanze upya. Nitakusikiliza."

"Rudi kwa ajili ya Joy," akasema kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. "Kwangu mimi umechelewa."

Hakuna aliyekata. Nilimsikia akilia, na safari hii nilijua ni kilio. Nami nililia, nikiwa nimesimama katikati ya watu, na mzee mmoja wa Kisaudia aliyekuwa kwenye busati akaniinulia kikombe cha kahawa bila kuuliza. Nikakipokea. Nilipoweka simu sikioni tena alikuwa bado yupo.

"Nenda salama, Mama Joy," nikamwambia.

"Asante," akasema.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nilikuwa kazini. Nilisikia wanawake wakiimba chini kwa chini wakifua.

Ijumaa, 2 Januari

Selipher hakuweza kwenda kuzika. Kupata karatasi za kutoka na kurudi kungechukua muda mrefu kuliko maiti ingengoja. Aliyatazama mazishi kwa simu, na nilikaa mlangoni kwa kompyuta kuhakikisha video yake haigandi.

Leo nilienda kumwona kiofisini. Nilikusudia kumpa pole tena, badala yake nikajikuta namweleza yangu yote. Yeye ndiye mtu wa kwanza kumwambia baada ya Gilbert. Nilidhani atasema mambo yatakaa sawa, watu husema hivyo. Hakusema.

"Una hasira naye?" akauliza.

"Kabla ya Krismasi nilikuwa nayo. Sasa naitafuta siioni."

"Na wewe mwenyewe?"

Nikamwambia kwamba nimekaa miaka mitano nikitengeneza sauti za watu na sijui nilikuwa nikisikiliza nini.

Akanitilia chai. "Mimi nina watoto watatu niliowaacha kwa dada yangu," akasema. "Mkubwa ameolewa nikiwa hapa. Usifikiri waliobaki ndio pekee waliochoka, injinia. Hata sisi tumechoka. Ila sisi hatuna wa kumkatia simu."

Nilimtazama. Tangu Novemba nilikuwa nikimwona kama mwenye shida ninayoisuluhisha. Nilimwomba anieleze juu ya watoto wake, akanieleza, mmoja baada ya mwingine, hadi chai ikapoa, nami sikugusa kompyuta.

Ijumaa, 9 Januari. Riyadh

Baridi kali. Nimerudi Olaya na barua ya kuacha kazi. Injinia Nasser aliisoma mara mbili.

"Mkataba mpya ni mzuri," akasema. "Nilikuombea cheo mwenyewe."

"Najua, bosi. Nashukuru. Nina binti."

Alitikisa kichwa. Kisha akaniambia kwamba amewaandikia wakubwa kuwa kamera za Jeddah zitabaki foleni ya pili, na asiyeridhika aende akae kwenye ile hosteli siku ya mvua. Alisema kwa ukali, akiitazama skrini. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mama yangu yuko Taif," akasema. "Tangu siku ile nampigia kila Ijumaa."

Alhamisi, 15 Januari

Karatasi zangu ziko tayari. Nimenunua begi na blanketi nzito pale sokoni Batha. Gilbert amenisaidia kubeba, akiongea njia nzima ili mimi nisilazimike.

Jioni nilimpigia Maryann. Tuliongea kidogo, kwa heshima, kama majirani waliowahi kuwa marafiki. Wamefika Eldoret. Nyumba ni ndogo lakini ina jua. Akamwita Joy.

"Baba, ni kweli unakuja?"

"Ni kweli, mama. Wiki ijayo."

"Utakaa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Hilo sikujiandaa nalo.

"Kwetu," nikasema. "Kwa ile nyumba yetu ya Kimilili."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akafikiri. Nilimwacha afikiri, sikumwuliza kama ananisikia.

"Basi nitakuja kukutembelea," akasema.

"Karibu sana," nikamwambia. "Nitakuchinjia kuku, kama mgeni wa heshima. Utakula utakachotaka."

"Paja," akasema upesi. "Na shingo. Lakini firigisi nitakuachia wewe, Baba. Hiyo ni ya mwenye boma."